Mtutu Mrefu au Mtutu Mfupi?

Tuseme wewe ni mkulima wa Msata. Una shamba la mahindi na mihogo pembeni mwa pori. Nguruwe mwitu wamekuwa wakila jasho lako kila mwaka. Umefuata taratibu zote, na Polisi wamekupa leseni ya kumiliki bunduki. Umekwenda Dar es Salaam na fedha zako. Mwenye duka anakuwekea bunduki mbili mezani. Zote mbili hutumia risasi ya aina moja. Bei yake ni ile ile. Ila moja ina mtutu wa sentimita 66, na nyingine ina mtutu wa sentimita 51. Je, utachukua ipi?

Watu wengi watasema, "Chukua ndefu. Mtutu mrefu ndio wenye nguvu." Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni. Yana ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo ni wa bunduki za mababu zetu. Bunduki za leo zina mambo mengine.

Kazi ya mtutu

Umewahi kuwaona watoto wakicheza na kikonyo cha jani la mpapai? Kikonyo kile kina tundu katikati. Mtoto hutia punje ya mtama ndani yake, kisha hupuliza. Punje hutoka kwa kasi. Kikonyo kikiwa kifupi kama kidole, punje huanguka karibu. Kikiwa kirefu kidogo, punje huenda mbali zaidi. Sababu yake ni kwamba pumzi huisukuma punje kwa muda mrefu zaidi kabla haijatoka nje.

Sasa mpe mtoto yule bomba lenye urefu wa mtu mzima. Atapuliza mpaka mashavu yamuume. Pumzi yake itakwisha punje ikiwa bado njiani. Punje itakwaruzana na bomba na kupungua mwendo. Huenda isitoke kabisa.

Bunduki ni hivyo hivyo. Pumzi yake ni baruti. Baruti ikiwaka hugeuka kuwa hewa ya moto yenye nguvu nyingi. Hewa hiyo huisukuma risasi ndani ya mtutu. Basi, urefu wa mtutu unaofaa hutegemea baruti. Baruti inayowaka polepole huhitaji mtutu mrefu. Baruti inayowaka upesi huridhika na mtutu mfupi.

Kutoka gobori hadi bunduki za leo

Gobori hutumia baruti nyeusi. Mwenye gobori humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia risasi, kisha hushindilia kwa ufito. Baruti hii ni dhaifu, na hutoa moshi mwingi. Ndiyo maana magobori ya zamani yalikuwa marefu sana. Mafundi wake hawakuwa wajinga. Gobori fupi lingetema moto na baruti ambayo haijawaka, na risasi ingetoka kama imechoka.

Baruti nyeusi ilikuwa na taabu nyingine. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta majeshi kutoka Bara Hindi kuuteka mji wa Tanga. Askari wengi wa upande wa Wajerumani, ambao walikuwa Waafrika, walikuwa bado wana bunduki za Mauser za aina ya mwaka 1871. Zilitumia baruti nyeusi. Kila askari alipofyatua, wingu la moshi lilipanda na kuonyesha mahali alipo. Hata hivyo askari hao walishinda, na Waingereza walirudi kwenye meli zao.

Wakati huo baruti nyingine ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1884 huko Ufaransa mtaalamu aliyeitwa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Nguvu yake ni kubwa zaidi. Tazama mitutu ilivyopungua baada ya hapo. Mauser ndefu ya mwaka 1871 ilikuwa na mtutu wa sentimita 85 na nusu. Mauser ya mwaka 1898 ilikuwa na sentimita 74. Ile ya mwaka 1935 ilikuwa na sentimita 60. Nguvu haikupungua. Risasi za baadaye zilikwenda kasi kuliko zile za mwanzo.

Unapoteza kiasi gani?

Tutazame bunduki ambazo mtu aliyepitia mgambo anazijua. SAR ina mtutu wa sentimita 52. SMG, yaani AK-47, ina mtutu wa sentimita 41 na nusu. Zote mbili hula risasi moja. Risasi ikitoka katika SAR huenda mita 735 kwa sekunde moja. Ikitoka katika SMG huenda mita 715. Toa 715 katika 735. Jibu ni 20. Mtutu umepungua zaidi ya sentimita 10, na mwendo umepungua mita 20 tu! (Hizi ni silaha za askari. Nimezitaja kwa ajili ya hesabu. Si za kuwindia.)

Bunduki za kuwindia zenye risasi kubwa hupoteza zaidi. Ukipunguza mtutu inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu, mwendo hupungua kati ya mita 6 na mita 15 hivi kwa sekunde. Rudi sasa kwenye bunduki zetu mbili za dukani. Tofauti yake ni sentimita 15, au inchi 6. Mara 6 kwa 6 ni 36. Mara 6 kwa 15 ni 90. Risasi yenyewe huenda karibu mita 800 kwa sekunde. Kwa hiyo ukichukua fupi utapoteza kati ya mita 36 na mita 90 katika hizo 800. Kwa mtu anayepiga swala mbali, katika mbuga nyeupe, hilo ni jambo la kufikiri. Kwa nguruwe aliye hatua 50 kutoka kwako, nguruwe hatajua tofauti.

Kuna bunduki ndogo ya .22, ambayo wengi hujifunzia shabaha. Baruti yake ni chache sana. Mtutu ukifika sentimita 40 hivi, baruti imemaliza kazi. Urefu unaozidi hapo hauongezi mwendo. Ukizidi mno huweza hata kuupunguza, kama ile punje katika bomba refu.

Na bunduki ya marisau, ya kupigia kanga na kwale? Hapo urefu hauna maneno mengi. Kutawanyika kwa marisau hutokana zaidi na jinsi mdomo wa mtutu ulivyobanwa. Mtutu mrefu wa marisau husaidia mkono kumfuata ndege kwa utulivu, basi.

Pori letu likoje?

Mwindaji hachagui bunduki kabla ya kulitazama pori. Pori la Msata, na lile la kuelekea mto Wami, si mbuga nyeupe. Ni vichaka, miiba na mitambaa iliyofungamana. Mara nyingi humwoni mnyama mpaka umefika hatua 40 au 60. Mtutu mrefu hapa ni adha. Hunaswa na mitambaa. Hugonga matawi na mnyama husikia. Ukigeuka ghafla, mdomo wa bunduki unaweza kumwelekea mwenzako aliye nyuma. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote.

Mfikirie pia mnyama. Mwindaji aliyechelewa kuinua bunduki hupiga kwa haraka, na anayepiga kwa haraka hujeruhi. Nguruwe aliyejeruhiwa hukimbilia katika shamba la jirani, na jirani hana habari. Kesho asubuhi mama mwenye shamba anakwenda kupalilia. Unaona hatari iko wapi? Bunduki inayoinuka upesi na kutulia begani inaokoa zaidi kuliko ile yenye mwendo wa mita chache za ziada.

Lakini mtutu mfupi nao una gharama yake. Mdomo wake uko karibu na masikio yako, kwa hiyo mlio ni mkali zaidi. Moto huonekana mdomoni. Bunduki huwa nyepesi, na bunduki nyepesi hupiga bega kwa nguvu. Waingereza walijifunza jambo hili. Bunduki yao ya .303, waliyoibeba askari wengi wa KAR, ilikuwa na mtutu wa sentimita 64. Mwaka 1944 walitengeneza aina fupi kwa ajili ya vita vya msituni, yenye mtutu wa sentimita 48 hivi. Ilikuwa rahisi kuibeba. Lakini askari walilalamika kwamba inaumiza bega na kuziba masikio. Mtu anayeogopa bunduki yake hufumba macho anapofyatua. Huyo hapati kitu.

Mimi ningemwuliza mwenye duka kama ana ya sentimita 56. Wawindaji wengi duniani huupenda urefu huo kwa risasi za kawaida, na kwa vichaka vyetu nauona unatosha.

Kulenga shabaha

Kule Kihangaiko, karibu na Msata, kuna chuo cha JWTZ cha kufundishia askari wapya. Watu wa huku hawashtushwi na mlio wa shabaha. Eneo la jeshi si la raia kwenda kujaribia bunduki, wala kuokota vyuma. Shabaha hupigwa mahali paliporuhusiwa tu.

Katika shabaha mtutu mrefu unarudi kuwa na heshima. Hapa hakuna mitambaa wala mnyama anayekimbia. Bunduki ndefu ni nzito kwa mbele, nayo hutulia. Tena, alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma, huwa mbali moja na nyingine. Hesabu yake ni hii. Tuseme alama zimeachana sentimita 50, na jicho lako limekosea milimita moja tu. Kwenye shabaha iliyo mita 100, risasi itakosea sentimita 20. Hiyo ni karibu upana wa sahani. Zikiachana sentimita 75, kosa lile lile la milimita moja litakupotosha sentimita 13 tu. Mkono ni ule ule, jicho ni lile lile, lakini karatasi inaonyesha matundu yaliyokaribiana.

Bunduki ikiwa na darubini, faida hiyo haipo tena, maana hulengi kwa alama mbili. Hapo mtutu mfupi ulio mnene unaweza kupiga vizuri kabisa, kwa kuwa hautetemeki sana.

Msikate mtutu

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mtu ana bunduki ndefu. Anaona taabu kuifunga kwenye baiskeli. Rafiki barazani anamwambia, "Lete msumeno, tuikate shubiri moja." Usikubali.

Kwanza, alama ya mbele ya kulengea iko karibu na mdomo. Ukikata, umeitupa. Pili, mdomo wa mtutu hunyooshwa kiwandani kwa uangalifu mkubwa. Ndani ya mtutu kuna mifereji myembamba iliyozunguka kama uzi wa parafujo, nayo huizungusha risasi ili iende sawa. Mdomo ukikatwa upande, hewa ya moto husukuma risasi upande mmoja inapotoka. Risasi itapotea hata ukiwa fundi wa kulenga. Tatu, silaha iliyobadilishwa si ile uliyopewa leseni. Polisi watakuuliza kwa nini umeifupisha, na jibu la baiskeli halitatosha. Bunduki fupi hufichwa chini ya koti, na wanaoficha bunduki wanajulikana kazi yao.

Hatari zaidi ni gobori lililotengenezwa kwa bomba la maji. Bomba la maji liliundwa kuzuia maji. Halikuundwa kuzuia baruti. Likipasuka, hupasuka karibu na uso na mkono wa kushoto. Urefu wake hauwezi kukuokoa, maana nguvu kubwa ya baruti iko mwanzoni mwa mtutu, pale pale penye shavu lako.

Na kabla ya kuingia porini, kumbuka kwamba leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Ni karatasi mbili tofauti. Wanyamapori ni mali ya umma, na sheria ya mwaka 2009 inataka mwindaji awe na kibali. Mwulize bwana nyama wa wilaya akueleze ni mnyama gani, mahali gani na miezi gani. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Humo hakuwindwi kwa mtutu wa urefu wowote.

Jinsi ya kupima

Mwenye duka akikuambia "hii ni sentimita 56", unaweza kuhakikisha mwenyewe. Toa risasi zote. Tazama ndani kwa macho, kisha pitisha kidole kuhakikisha kwamba chumba cha risasi ni kitupu. Funga bunduki. Chukua ufito mkavu ulionyooka, uutie taratibu mdomoni mwa mtutu mpaka ugote. Usisimame mbele ya mdomo. Tia alama kwa penseli kwenye ufito, pale mdomo wa mtutu unapoishia. Utoe, uupime kwa kamba ya fundi cherehani.

Andika kipimo hicho katika daftari lako. Chini yake andika nambari iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki. Kisha fungua leseni yako, usome nambari iliyoandikwa humo, tarakimu moja baada ya nyingine, uone kama zinalingana. Kama hazilingani, usiondoke dukani na bunduki hiyo.