Istilahi za Vituo vya Simu: Kuachwa, Kukatwa na Kukatika

Katika vituo vinavyopokea simu za wateja wa mabenki na makampuni ya mawasiliano, kazi ya kugawa simu huachiwa programu ya kompyuta. Programu hiyo ina kazi mbili: huelekeza kila simu kwa mhudumu anayefaa, tena huandika taarifa ya kazi iliyofanyika. Kwa taarifa hiyo mhudumu husifiwa au hulaumiwa, na kwa hiyo maana ya kila istilahi iliyomo si jambo dogo. Makala haya yanaeleza baadhi ya istilahi hizo na kuonyesha jinsi mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unavyoweza kuzipambanua.

Elimu ya kupima simu si ngeni. Mwaka 1909 A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha uchunguzi wake wa kwanza juu ya jambo hilo. Mwaka 1917 alitoa kanuni mbili mashuhuri: moja ya simu zinazopotea kwa sababu njia zote zimeshikwa, na nyingine ya simu zinazongoja zamu. Vituo vya leo bado hutumia kanuni hiyo ya pili kukadiria idadi ya wahudumu wanaohitajiwa.

Istilahi ya kwanza ni uelekezaji kwa ujuzi. Kongo ina lugha nne za taifa, pamoja na Kifaransa kilicho lugha ya kiserikali. Mteja wa Lubumbashi akichagua Kiswahili, simu yake huingia katika foleni ya wahudumu walioandikishwa kwa lugha hiyo. Ujuzi hapa ni alama iliyowekwa katika kompyuta tu. Mhudumu asiyekuwa na alama hiyo hapelekewi simu ile, hata kama Kiswahili ndiyo lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Ya pili ni muda wa kushughulikia simu. Huo ni jumla ya muda wa mazungumzo, muda wa kusubirishwa, na muda wa kuandika baada ya mazungumzo. Yafaa kutofautisha kusubiri na kusubirishwa. Mteja husubiri katika foleni kabla ya kujibiwa. Husubirishwa na mhudumu baada ya kujibiwa. Muda wa kwanza hutokana na uchache wa wahudumu, na wa pili huhesabiwa juu ya mhudumu mwenyewe. Neno moja likitumika kwa yote mawili, mhudumu hubebeshwa mzigo usio wake.

Ya tatu ni simu isiyofika mwisho. Simu iliyoachwa ni ile ambayo mteja amechoka kungoja, akaweka simu chini. Iliyokatwa imekatishwa na mhudumu au na programu. Iliyokatika imekoma yenyewe, kwa udhaifu wa mtandao au kwa kuishiwa umeme. Kauli ya kutendwa humdai mtendaji, na kauli ya kutendeka haimdai. Mara nyingi programu huweka simu iliyokatika katika foleni pamoja na zilizoachwa, na hapo hitilafu ya mtandao huonekana kama uvivu wa watu.

Hatimaye kuna kiwango cha huduma. Vituo vingi hujiwekea lengo la kujibu asilimia 80 ya simu katika sekunde 20. Ichukuliwe kwamba simu 100 zimeingia: 72 zimejibiwa katika sekunde 20, 8 zimejibiwa baadaye, na 20 zimeachwa. Zikigawanywa kwa simu zilizoingia, kiwango ni asilimia 72, na lengo halikufikiwa. Zikigawanywa kwa simu zilizojibiwa, yaani 80, kiwango ni asilimia 90, na lengo limepitwa. Siku ni ile ile na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni maana ya neno “simu” katika hesabu.

Kwa hiyo anayetafsiri programu za namna hii asitosheke na kutafuta neno la Kiswahili kwa kila neno la kigeni. Kwanza aulize ni tendo gani linalohesabiwa, nani amelitenda, na hesabu inaanzia wapi. Akishapata majibu hayo, mnyambuliko wa kitenzi utampa istilahi isiyomdhulumu mtu.