Ekrani inasema « imeisha »: imeisha namna gani?

Kwenye mugodi wa zahabu wa Kibali, mu jimbo la Haut-Uele, kuko mashini kubwa zenye kuchota mawe chini ya udongo bila mutu kukaa ndani. Mwenye kuziongoza iko juu, mbele ya ekrani. Mutu mumoja anaweza kuongoza mpaka mashini tano kwa mara moja, na kila moja inabeba tani 21. Zinapima kuta kwa mwangaza wa laser ili zijue njia, sababu satelite haifike kule chini. Mawe inamwangwa, inavunjwa, kisha inapandishwa mu shimo la karibu metre 750.

Sisi watu wa shaba, wa Kolwezi na Likasi, habari hii inatuangalia pia. Kazi ya namna hii inazidi kuingia mu migodi, na mutoto mwenye kusoma leo ndiye atakaa kesho mbele ya ile ekrani.

Mashini tano, macho mawili haitoshe. Ndiyo maana kuko programu yenye kazi yake ni moja tu: kufwata kazi na kusema imefika wapi. Hii inachota, ile inatembea, ingine imesimama. Programu yenyewe haibebe hata jiwe moja. Ni kama kapita mwenye kaye mukononi. Lakini kapita, mutu anaweza kumuuliza: « Baba, hapa uliandika nini? » Ekrani haijibu. Jibu yake inapashwa kuandikwa mbele ya wakati, mu mukanda wa maelezo.

Maneno mbili ya kuchunga

Wenye kutengeneza programu wanajua shida hii. Kuko chombo kimoja cha Marekani, GitHub Actions, chenye kilifunguliwa kwa watu wote mu 2019. Kinafanya ordinatere zifanye kazi zenyewe, moja nyuma ya ingine, na kinaonyesha zimefika wapi. Kinatenganisha maulizo mbili. Ya kwanza: kazi iko wapi? Inangojea, inaendelea, ao imeisha. Ya pili inakuja kisha kazi kuisha: imeisha namna gani? Imefaulu, imeanguka, mutu aliikata, ao muda ulipita.

Basi kazi yenye iliharibika nayo inaandikwa « imeisha ». Mwenye kusoma neno la kwanza tu anaenda kulala akiwaza kama mambo iko muzuri.

« Inaendelea » nalo ni neno la kuchunga. Kwenye chombo kile, kama hakuna mwenye kuweka mupaka, kazi yenye ilikwama inaweza kuonekana « inaendelea » mpaka masaa 6, kisha inakatwa. Kwa ordinatere, ni wakati na franga tu ndio vinapotea. Kwa mashini ya tani makumi, haiko vile.

Tena, programu inajua tu yale yenye mashini inaiambia. Mawasiliano ikikatika, ekrani inaweza kubakia na habari ya zamani. Mukanda unapashwa kusema: saa ya habari ya mwisho inaonekana wapi, na ikizidi dakika ngapi, mutu afanye nini.

Kusimama kuko namna mingi

Fasi mashini zinatembea zenyewe, wanaweka milango yenye kulinda. Mutu akipita pale, mashini za ndani zinasimama. Sasa waza: ekrani inaandika « imesimama », bila kusema sababu. Ni mulango? Ni kuharibika? Ni mafuta? Mwenye kuwaza ni kuharibika anatuma fundi. Mwenye kuwaza ni kitu kidogo anataka kuiwasha tena. Hawa wawili wakikosa kuambiana, ni mutu mwenye kufa. Pale, mustari mumoja wenye kuandikwa vizuri unalinda baba wa watoto.

Mukanda muzuri uko namna gani?

Unafasiria kila neno la ekrani, moja kwa moja: lina maana gani, sababu yake inaweza kuwa nini, nani wa kuitwa, na nini haikubaliwe kufanya. Unaonyesha tarehe, na programu ikibadilika, mukanda nao unabadilika. Mukanda wa zamani unaua sawa kukosa mukanda. Unaandikwa pamoja na watu wa zamu ya usiku, sababu wao ndio wanaona mambo yenye mwinjinia hayaone. Tena unaandikwa mu luga yenye mutumikaji anawaza ndani yake. Kifaransa na Kiingereza vibakie, lakini mu saa ya hofu mutu anasoma mbio luga ya kwao.

Kuupima ni rahisi: mupe mutumikaji mupya, umuache peke yake naye. Kila ulizo lenye anarudi nalo linaonyesha fasi mukanda bado haujatosha.

Madelege wa sindika wanaomba kofia na viatu vya kazi, na ni haki. Waombe na mukanda huu pia.