Bangi ihalalishwe? Mambo ya kupima kabla hujachagua upande

Mada hii haikosi vijiweni, iwe ni Mikumi kwenye maegesho ya malori au Kilosa mjini karibu na stendi. Mmoja atakwambia nchi jirani zinaiuza nje na kupata dola. Mwingine atakutajia kijana wa mtaani kwao aliyeanza kuongea peke yake baada ya miaka miwili ya kuvuta. Wote wawili wana hoja. Ukurasa huu hautakuchagulia upande. Unakupa mambo ya kupima, na unakueleza pa kwenda kama tatizo tayari limeingia nyumbani kwako.

Sheria inasemaje leo

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo inaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya. Kuilima, kuiuza, kuisafirisha, kuwa nayo na kuitumia yote ni makosa. Ukisema "naitumia kama dawa" hujajiondolea kosa. Sheria hiyo inamgusa pia mwenye shamba au nyumba anayeiacha itumike kwa kazi hiyo huku akijua. Kwa hiyo ukikodisha ekari zako, fahamu kinachopandwa humo. Kesi za kilimo na usafirishaji zimewahi kuishia kwenye kifungo cha miaka 30.

"Kuhalalisha" kuna maana zaidi ya moja

Mabishano mengi hayafiki mwisho kwa sababu watu wanatumia neno moja kwa mambo matatu tofauti:

- Kuruhusu kwa tiba na viwanda. Serikali inatoa leseni za kulima kwa ajili ya dawa au nyuzi, na mitaani inabaki marufuku. Lesotho ilianza kutoa leseni za aina hii mwaka 2017. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020, na Rwanda iliruhusu uzalishaji wa kuuza nje kwa ajili ya tiba.
- Kuacha kumfunga mtumiaji. Biashara inabaki kosa, lakini mtu mzima hapelekwi jela kwa matumizi yake binafsi. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua hivyo mwaka 2018 kwa matumizi ya faragha.
- Kuruhusu biashara ya starehe. Maduka yanauza kwa watu wazima na kulipa kodi. Uruguay ilitangulia mwaka 2013, ikafuatiwa na Kanada mwaka 2018. Baadhi ya majimbo ya Marekani pia yanaruhusu.

Anayesema "Malawi wameruhusu" kwa maana kwamba kule mtu anavuta anavyotaka, amekosea. Muulize kwanza anazungumzia ipi kati ya hizi tatu.

Faida zinazotajwa

*Dawa.* Mmea huu una kemikali nyingi. Mbili zinazojulikana zaidi ni THC, ambayo ndiyo inayolevya, na CBD, ambayo hailevyi. Dawa iliyosafishwa ya CBD inapunguza degedege katika aina chache za kifafa kikali cha watoto. Dawa zenye THC hutumika kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaopata matibabu ya kemikali. Mwaka 2020, tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari zaidi zisizo na manufaa makubwa ya tiba, ingawa iliiacha chini ya udhibiti mkali. Kumbuka kwamba dawa hizi hupimwa kwa miligramu. Msokoto hauna kipimo, na moshi wake unaumiza mapafu. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa Kilosa anahitaji dawa za kawaida za kifafa zinazopatikana hospitalini, si majani ya kuchemsha.

*Magereza na maisha ya vijana.* Kijana aliyekutwa na msokoto mmoja anaweza kupoteza masomo, kazi na heshima yake. Familia nayo inauza mbuzi au debe za mahindi ili kufuatilia kesi. Hofu ya kukamatwa pia huwafanya watumiaji wakwepe hospitali. Palipohalalishwa, idadi ya wanaokamatwa kwa bangi ilishuka sana.

*Kodi.* Jimbo la Colorado nchini Marekani limekusanya zaidi ya dola bilioni 2 za kodi tangu maduka yafunguliwe mwaka 2014. Hata hivyo, hiyo ni nchi yenye maduka yaliyosajiliwa, maabara za kupima na wakaguzi wa kutosha. Hata huko, biashara ya magendo haijaisha.

Gharama zake

*Uraibu.* Kwa makadirio yanayotumika sana, karibu mtumiaji 1 kati ya 10 huwa mraibu. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo, ni karibu 1 kati ya 6. Ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Anayevuta kila siku akiwa sekondari hudhoofika kumbukumbu na umakini katika miaka ileile anayovihitaji zaidi.

*Ugonjwa wa akili.* Si kila anayevuta hurukwa na akili. Wengi hawafiki huko. Lakini matumizi ya kila siku, hasa ya bangi yenye THC nyingi, yanaongeza hatari ya kusikia sauti zisizokuwepo, kushuku kila mtu na kupoteza uhalisia. Hatari ni kubwa zaidi kama katika ukoo kuna mwenye ugonjwa wa akili. Hili linatuhusu sasa, kwa sababu bangi kali iitwayo skanka imekuwa ikikamatwa nchini.

*Mimba na watoto.* Kuvuta wakati wa ujauzito kunahusishwa na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kule ambako vyakula vyenye bangi vinauzwa, watoto wadogo wanaofikishwa hospitali baada ya kuvila wakidhani ni pipi wameongezeka.

*Barabara.* Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Tembo, twiga na nyati wanavuka mchana na usiku. Bangi hupunguza kasi ya dereva kuamua na humfanya akosee umbali. Ikichanganywa na pombe, hatari huongezeka. Polisi wana kifaa cha kumpima dereva pombe kwa pumzi, lakini bangi haipimiki kirahisi hivyo. Nchi itakayohalalisha lazima ijibu swali hili kabla, si baada ya ajali.

Je, mkulima wa Kilosa atatajirika?

Hili ndilo swali linalovuta wengi. Morogoro ni miongoni mwa mikoa inayotajwa mara kwa mara kwenye operesheni za kuteketeza mashamba ya bangi, pamoja na Arusha na Mara. Mengi hufichwa milimani, kwenye misitu na karibu na vyanzo vya maji. Kilosa tunajua thamani ya misitu ya juu: mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi. Msitu unaofyekwa, kwa zao lolote lile, unapunguza uwezo wa ardhi kushika maji na udongo.

Mtetezi wa kuhalalisha atasema shamba halali halina haja ya kujificha msituni. Hoja hiyo ina uzito. Lakini angalia Lesotho na Malawi: leseni zimekuwa na ada kubwa, na soko la tiba linataka uzio, ulinzi, maabara na mnunuzi aliyesaini mkataba. Wenye mitaji wameingia kwa urahisi kuliko mwenye ekari mbili. Kama sheria itabadilika siku moja, cha kuuliza ni nani atapewa leseni, na mkulima wa Rudewa au Kimamba atakuwa mwenye shamba au kibarua.

Maswali matano ya kumuuliza anayetaka uamue

1. Unazungumzia tiba, kuacha kufunga watumiaji, au biashara ya starehe?
2. Watoto watazuiwa vipi, ikiwa hata sigara wanauziwa moja moja?
3. Nani atapima ukali wa kinachouzwa?
4. Kodi yake itafika kwenye huduma za afya ya akili za wilaya?
5. Na kama tunaendelea kukataza, je, kijana mwenye msokoto mmoja anahitaji gereza au mshauri?

Ukihitaji msaada leo

Usisubiri sheria ibadilike. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya ikiwa wewe au ndugu yako anavuta kila siku na ameshindwa kuacha, ameacha shule au kazi, au anasikia sauti. Wahudumu wapo kwa ajili ya kutibu. Waeleze ukweli kuhusu alichotumia, kwa gani na kwa muda gani.

Anayeacha ghafla anaweza kukosa usingizi, kuwa na hasira na kukosa hamu ya kula. Hali hiyo huwa kali wiki ya kwanza na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Hakuna sindano ya kukata kiu ya bangi. Kinachosaidia ni ushauri nasaha, kazi ya kufanya na watu wa karibu wasiokata tamaa.

Aliyechanganyikiwa usimfunge kamba wala kumpiga, na usimcheleweshe kwa kuanza na mganga. Mwondolee vitu vyenye ncha kali, ongea naye kwa upole, kisha mpelekeni hospitali mkiwa watu wawili au zaidi. Kama ni mtoto aliye hatarini, piga simu 116 bila malipo.