Sahani ya ful na damu ya mtoto

Mama mmoja, Muunguja mwenzetu, alituletea mwanawe wodini hapa Muscat. Macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. "Hakula kitu kibaya, dada. Juzi tu kala ful kwa jirani."

Ful ndiyo iliyomponza. Mtoto alizaliwa na upungufu wa G6PD na nyumbani hakuna aliyejua.

G6PD ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya mwili bila yenyewe kuisha. Umbo la kimeng'enya ndiyo nguvu yake. Joto kali au asidi huliharibu; kwa mtoto huyu lilikuwa na kasoro tangu tumboni. G6PD hukinga chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hazina kiini, haziwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Kile zilichoanza nacho hufifia katika siku zake 120 hivi. Kemikali za ful zikiingia, chembe kongwe hupasuka kwanza.

Upungufu huu umeenea Oman na pwani yetu pia. Mtoto wa kiume huurithi kwa mama. Jihadharini vilevile na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, na dawa ya malaria iitwayo primakwini.

Kipimo ni cha damu. Kikifanywa siku ya balaa chaweza kudanganya, maana chembe dhaifu zimeshapasuka. Kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi.

Mtoto aliongezwa damu, akapona. "Na maharage ya nazi?" mama akaniuliza mlangoni.

Hayo ale.