Mzigo wa Mgonjwa Huchukuliwa na Nani?

Katika zama za misafara, mpagazi aliyetoka Bagamoyo kuja Unyanyembe alichukua frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Akiugua njiani, mzigo wake uligawanywa kwa wenziwe, na mwenyewe mara nyingi akaachwa kijijini. Mali ilifika Tabora, mtu hakufika.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya habari ya bima ya watoto, jambo lililozigusa nyumba zetu nyingi na ambalo wachache wamelifahamu vyema.

Mwaka 2016 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Toto Afya Kadi. Mzazi alitoa shilingi 50,400 kwa mwaka, na mwanawe wa chini ya miaka 18 akatibiwa. Ndugu msomaji, kwa mwenye mtoto wa selimundu fedha hizo zilinunua rehema. Maradhi hayo hurithiwa kwa baba na mama wote wawili (si uchawi wala kijicho, kama wanongonavyo majirani), wala hayaishi kwa dawa ya juma moja. Mtoto huumwa mifupa, hupungukiwa damu, huongezewa, akarudi nyumbani, kisha akapelekwa tena. Yakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto 11,000 hivi wa namna hii kila mwaka.

Mwezi wa Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa. Ikatakiwa waandikishwe pamoja na jamaa zao, au kupitia shuleni. Hoja ya Mfuko ilikuwa kwamba wazazi wengi walikata kadi mtoto akiisha kuugua, na gharama zikaipita mbali michango. Insafu yataka tukiri kwamba hoja hiyo ni ya kweli. Bima ni shirika: wazima huwachangia wagonjwa, na wazima wakijitenga chombo huzama.

Lakini mtoto wa miaka miwili ana shule gani? Nayo miaka hiyo ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa kwa mwenye selimundu. Waliokosa kulipa kabla ya kuugua walikuwa wazazi. Aliyefungiwa mlango ni mtoto. Baadaye kadi hiyo ilirudishwa, illa maradhi hayangoji barua za ofisi.

Mwaka huo huo wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo yalazimisha wazima kuchangia na yaweka fungu la kuwalipia wasio na uwezo. Hapa ndipo penye dawa, ikiwa majina yataandikwa kwa haki. Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus tangu 705 hata 715, aliwakatia wenye ukoma posho wasiombe, na kila kipofu akampa kiongozi. Na hayo hayawezekani pasipo daftari. Basi mwenye mgonjwa wa kudumu, au kiwete, au kipofu nyumbani asimfiche kwa haya. Na aende kwa mtendaji wa mtaa wake, jina liandikwe, na vyeti vya hospitali aende navyo mkononi.