Jogoo mgeni bandani: Subira ya wiki tatu kabla ya kumchanganya na mitetea

Na Mwandishi Wetu

Katika kaya nyingi za vijijini, jogoo mpya hununuliwa mnadani asubuhi, hufungwa miguu na kuning'inizwa kwenye usukani wa baiskeli, na kabla jua halijatua huwa amekwisha kuachiwa uani pamoja na mitetea wa nyumbani. Jioni hiyo familia nzima hutazama kama atapigwa au atapiga. Watoto hushangilia, wakubwa hucheka, na ugomvi ukitulia mwenye kuku huingia ndani akiamini kwamba kazi imekwisha.

Ugomvi huo, kwa kawaida, ndio sehemu isiyo na madhara makubwa katika shughuli nzima. Hatari yenyewe haionekani kwa macho, na huanza kujidhihirisha siku chache baadaye.

Mwandishi wa makala haya aliyashuhudia hayo nyumbani kwao alipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Mama alikuwa na mitetea kumi na wanne, na mayai na vifaranga vyao ndivyo vilivyolipia daftari na nauli ya kwenda shuleni. Alinunua jogoo mwekundu mwenye umbo la kupendeza, akamwachia siku ile ile. Baada ya takriban wiki moja mitetea wakaanza kusinzia mchana, wakaharisha kinyesi cha kijani, wengine wakapinda shingo. Ndani ya siku chache walibaki wawili. Jogoo hakuugua hata siku moja, na aliendelea kuwika kila alfajiri kwenye ua uliokuwa mtupu.

Majirani walisema ni upepo wa kiangazi. Ulikuwa ni mdondo, ugonjwa ambao baadhi ya wafugaji huuita kideri. Husababishwa na virusi, huenea kwa kinyesi, kwa hewa itokayo puani na mdomoni, kwa maji na vyombo vya pamoja, na hata kwa viatu vya mtu aliyetoka kwenye banda lenye ugonjwa. Dalili kwa kawaida huanza kuonekana kati ya siku mbili na kumi na tano tangu kuku alipoambukizwa. Kwa sababu hiyo kuku aliye mzima kabisa siku ya kununuliwa anaweza kuwa tayari amebeba maradhi. Isitoshe, jogoo aliyewahi kuchanjwa au kupona anaweza kuwa na kinga ya kutosha kumlinda yeye mwenyewe, na bado akatoa virusi vinavyoua wenzake wasio na kinga. Uzima wa mgeni, kwa hiyo, si cheti cha afya.

Mdondo hauna tiba. Dawa za unga zinazouzwa madukani kwa ahadi ya kuuponya haziui virusi, ingawa nyingine husaidia dhidi ya bakteria wanaoingia kuku anapodhoofika. Silaha ya mfugaji ni chanjo. Hapa nchini Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) huzalisha chanjo ya mdondo inayostahimili joto kuliko zile za zamani, jambo lililo muhimu sana kwa vijiji visivyo na majokofu. Hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko idadi ya kaya moja, na kikishafunguliwa hakitakiwi kukaa muda mrefu. Ndiyo maana maofisa ugani huwashauri majirani wachangie na kuchanja kwa siku moja. Kustahimili joto hakumaanishi kuachwa juani.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini mfugaji alazimike kuleta jogoo kutoka nje, ilhali uani kwake kuna vijogoo wanaokua. Mtetea hutaga bila jogoo. Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula tu hana sababu ya kumnunua. Anayehitaji vifaranga ndiye anayemhitaji, na jogoo mmoja hutosha mitetea wapatao kumi. Tatizo ni kwamba kijogoo aliyezaliwa uani atapanda dada zake na mama yake. Uzao wa namna hiyo ukirudiwa kizazi baada ya kizazi, mayai mengi hayaanguliwi, vifaranga huwa dhaifu na ukuaji hupungua. Mfugaji hulalamikia chakula au hali ya hewa wakati kasoro imo katika damu ya kundi lake. Kubadilisha jogoo kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili, na kutoka katika ukoo mwingine, huondoa kasoro hiyo kwa gharama ndogo.

Uchaguzi wa jogoo unastahili muda zaidi ya ule unaotumika mnadani. Mnunuzi amtazame akiwa amesimama na kutembea, si akiwa amening'inizwa kichwa chini. Upanga wake uwe mwekundu, macho maangavu yasiyo na povu wala machozi, pua zikauke, na pumzi isiwe na mkoromo. Manyoya ya sehemu ya kutolea haja yawe safi. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka na kuota kama ukoko, huyo ana utitiri wa miguu na ataugawa. Chini ya mabawa ndiko chawa hujificha, na mnunuzi asione haya kuyafunua. Kubwa kuliko yote, ni heri kununua kwa mfugaji anayefahamika, ambaye banda lake linaweza kutembelewa na tarehe ya chanjo ikaulizwa, kuliko mnadani ambako kuku wa vijiji vingi hupumuliana siku nzima katika matenga yaliyobanana.

Aina ya jogoo nayo ifikiriwe. Jogoo wa Kuchi ana umbo kubwa na urefu unaovutia, lakini ni mgomvi wa asili na anaweza kuwajeruhi mitetea wadogo. Majogoo chotara wa aina za kisasa huongeza uzito wa vifaranga. Hata hivyo, mitetea wanaozaliwa na aina zilizoboreshwa kwa ajili ya nyama au mayai mengi mara nyingi hupoteza tabia ya kuatamia. Kaya isiyo na mashine ya kutotolesha isipolijua hilo mapema, baada ya vizazi viwili itakuwa na mayai mengi na hakuna kuku wa kuyalalia.

Jogoo akinunuliwa kutoka wilaya nyingine, mfugaji aonane na ofisa mifugo wa kata kuhusu kibali cha kusafirisha. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003 imeweka masharti ya usafirishaji wa wanyama na wajibu wa mwenye mifugo kutoa taarifa anapoona ugonjwa. Wengi hudhani sheria hiyo inahusu ng'ombe peke yao.

Baada ya hapo jogoo akifika nyumbani asiende bandani. Atengwe kwa siku 21. Sehemu ya kumtenga haihitaji gharama: jiko la zamani, kona ya ghala, au tenga kubwa lililoezekwa upande wa pili wa nyumba vinafaa, mradi upepo usipulizie moja kwa moja kwenye banda la wenyeji na mitetea wasifike kudonoa karibu yake. Awe na chombo chake cha maji na cha chakula. Mtu anayewahudumia aanze na mitetea, amalizie kwa jogoo, kisha anawe mikono na kubadilisha viatu. Mpangilio huo ukigeuzwa, utengaji unakuwa wa jina tu.

Ipo desturi ya kumfunga kuku mgeni kwa kamba mguuni uani ili azoee nyumba asirudi alikotoka. Desturi hiyo humzuia kweli asipotee, lakini haimtengi na wenzake, kwa kuwa wanakula na kunywa pamoja naye siku ya kwanza. Zaidi ya hapo, jogoo aliyefungwa hawezi kukimbia anaposhambuliwa, na kuku akishindwa kukimbia hudonolewa hadi damu.

Wiki hizo tatu zitumike vizuri. Mitetea wawe wamechanjwa angalau wiki mbili kabla mgeni hajaungana nao, kwa sababu kinga haijengeki siku ya tone. Mgeni naye achanjwe iwapo haijulikani alichanjwa lini, apewe dawa ya minyoo, na apakwe dawa ya wadudu wa nje kwa maelekezo ya mtaalamu. Ikumbukwe kuwa chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Kwa hiyo kuchanja hakufupishi siku za kutenga. Akianza kukoroma, kuvimba uso au kuharisha, ofisa mifugo aitwe. Kuku akifa, mzoga ufukiwe shimoni au uchomwe. Tabia ya kuwakimbiza sokoni kuku waliobaki ili kuokoa fedha ndiyo huuhamisha mdondo kutoka kijiji hadi kijiji, na anayenunua kuku hao kwa bei ya chini huwa hajui anachokipeleka kwake.

Siku za kutenga zikiisha salama, ndipo suala la ugomvi linapoingia. Mwanazuoni wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza mapema miaka ya 1920 jambo ambalo kila mwenye kuku huliona bila kulipa jina: katika kundi la kuku kila mmoja anajua nani anaweza kumdonoa na nani asiyeweza. Mitetea wana ngazi yao na majogoo wana yao. Kuku mpya huivuruga ngazi hiyo kwa siku kadhaa hadi kila mmoja apate nafasi upya.

Jogoo wa zamani aondolewe kwanza, kwa kuuzwa, kuchinjwa au kubadilishana, na aondoke siku kadhaa kabla ya mrithi kuingia. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, nasi tunaweza kuongeza kwamba mafahali angalau hawana miba miguuni. Katika kundi kubwa linalotembea huria majogoo wawili wanaweza kugawana maeneo. Katika ua mdogo wenye mitetea wanane, mmoja ataumia.

Umri nao una uzito. Kijogoo wa miezi minne akiingizwa kwa mitetea wazee hupigwa na kufukuzwa chakulani, akakonda na kuwa mwoga. Aliyefikisha miezi sita au zaidi hupata heshima kwa urahisi. Kwa vyovyote vile, awekwe kwanza siku nne hadi saba nyuma ya wavu au ndani ya tenga lenye nafasi, mahali ambapo mitetea wanamwona na kumsikia bila kumfikia. Wakimzoea huacha kusimama mbele yake na kuendelea kuchakura. Siku ya kumwachia, wafugaji wengi humweka kwenye fito za kulalia usiku, kuku wakiwa wametulia, ili waamke pamoja. Ni mbinu nzuri, ila isichukuliwe kuwa ni ya kumficha. Asubuhi watamtambua tu, na mfugaji anapaswa kuwapo.

Asubuhi hiyo chakula na maji viwekwe sehemu mbili au tatu ili anayefukuzwa asikose. Kufukuzana, kuinua manyoya ya shingo na kudonoana kichwani kwa muda mfupi ni mambo ya kawaida. Damu si jambo la kawaida: kuku huvutwa na rangi nyekundu na hawaachi kudonoa jeraha, hivyo aliyetoka damu aondolewe mara moja. Baada ya siku tatu au nne jogoo anayefaa huanza kuonekana. Akipata mdudu au punje hulia kwa mlio wa kuita na kuwaachia mitetea wale. Yule anayewakimbiza kutwa, anayewanyofoa manyoya mgongoni hadi ngozi, au ambaye mitetea hukaa juu ya mti kumkwepa, hastahili kubaki hata kama uzito wake unapendeza.

Limebaki suala la mayai, ambalo ndilo husahaulika. Mtetea aliyepandwa huhifadhi mbegu za jogoo mwilini na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye rutuba kwa wiki mbili hadi tatu. Mayai ya siku za mwanzo, kwa hiyo, yanaweza kuwa ya jogoo aliyekwisha kuuzwa. Anayetaka uzao wa jogoo mpya ayale au ayauze mayai ya wiki tatu za kwanza. Mama, alipopata jogoo mwingine mwaka uliofuata, alimweka wiki tatu katika jiko la zamani na kuandika tarehe kwa mkaa ukutani; mayai ya kuatamisha nayo aliyatia alama kwa mkaa. Kwa hesabu hiyo, jogoo aliyenunuliwa tarehe 3 Juni hutoka kwenye kutengwa tarehe 24, huzoeshwa nyuma ya wavu hadi tarehe 1 Julai, na mayai ya kutunza huanza kukusanywa tarehe 22 Julai. Yakikusanywa kwa siku kumi na kuwekwa chini ya mtetea anayeatamia tarehe 1 Agosti, vifaranga hutarajiwa tarehe 22 Agosti. Hapo ni katikati ya kiangazi, nao huhitaji tone la jichoni kama wakubwa wao.