Mwanya Usiozibwa

Wahenga walituachia onyo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sakafu ya lamineti ina ufa mmoja usiotakiwa kuzibwa: mwanya kati ya vibao na ukuta. Moyo wa kibao cha lamineti ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na nyuzi hizo hufyonza unyevu wa hewani zikatanuka, kisha hewa ikikauka husinyaa. Ndiyo maana vibao havipigiliwi kwenye zege. Hushikana vyenyewe na kulala juu ya foami kama mkeka mmoja mpana. Mkeka huo ukitanuka lazima upate pa kwenda, na watengenezaji wengi huagiza mwanya wa milimita 8 hadi 12 kuzunguka chumba chote. Ukijazwa saruji au gundi, sakafu huvimba na kuinuka, ikasikika tupu chini ya mguu. Basi skatingi na fremu za milango, ambazo kazi yake hapa ni kuuficha mwanya bila kuubana, zipangwe kabla kibao cha kwanza hakijalazwa.

Skatingi ya mbao ni bora ibanduliwe kwanza, vibao vilazwe, kisha irudishwe na kupigiliwa ukutani. Isipigiliwe kamwe sakafuni, kwa kuwa msumari mmoja unaopenya kibao hufunga upande mzima usisogee. Wenye nyumba wengi huhofia kwamba kubandua kutamegua lipu, na hofu hiyo ina msingi, hasa kwenye kuta za zamani. Isitoshe, skatingi za vigae au terazo haziwezi kung'olewa bila kuvunjika. Hapo huachwa mahali pake, na mwanya hufunikwa kwa kibao chembamba cha robo duara kinachoshikizwa kwenye skatingi yenyewe. Njia hiyo hupunguza unadhifu kidogo, lakini inalinda kanuni ileile: kifuniko kishikwe na ukuta, sakafu ibaki huru.

Mlangoni ndipo kazi huharibika zaidi, kwa sababu fundi hujaribu kukata kibao kifuate mikunjo yote ya fremu. Mkato huo haukosi kuonyesha nyufa, na wenye kuzijaza hurudia kosa la kubana sakafu. Fremu ya mbao ndiyo ikatwe. Kipande cha lamineti hulazwa kifudifudi juu ya foami, msumeno ukalala juu yake, na mguu wa fremu ukakatwa kwa kimo kile hasa. Kibao kikiteleza chini yake, mwanya hufichika wenyewe. Pasipo nafasi ya kukiinamisha ili kinase, ukingo wa kiungo hupunguzwa kwa patasi, hutiwa gundi, na kibao husukumwa kikiwa bapa. Gundi hiyo huunganisha kibao na kibao mwenzake tu. Fremu ya chuma haikatwi hivyo. Huachiwa mwanya wake, nao hujazwa silikoni inayonyumbulika. Ubao wa mlango nao upimwe mapema, maana lamineti ya milimita 8 na foami ya milimita 2 huinua sakafu kwa sentimita nzima, na mlango usiopunguzwa chini utaikwaruza.

Wapo wanaosema kwamba mwanya ni hitaji la nchi za baridi kali, na kwamba huku joto halibadiliki sana. Lakini kinachousogeza ubao huu hasa ni unyevu. Dar es Salaam na Mombasa hupitia masika yenye hewa nzito na miezi mikavu, na chumba chenye kiyoyozi hukauka kinapowashwa na kupata unyevu tena kinapozimwa. Mwenye nyumba anayekagua kazi asitazame tu jinsi skatingi inavyong'aa. Aombe, kabla haijarudishwa, auone mwanya kwa macho yake pande zote nne na chini ya kila fremu. Baada ya hapo hatauona tena, na sakafu itakaa kwa kuutegemea.